DOA LA JIWE LISILIPWE KWA MSHAHARA WETU

Ndugu wafanya kazi, mafundi wa mawe, vibarua, na ninyi mama zetu mnaoshika ufagio na tambara kila alfajiri:

Nataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka. Watasema, "Chama kina mambo makubwa ya mishahara na nyumba na matibabu, na huyu mwenzetu anatuletea habari za madoa ya sakafu." Wacheke. Lakini wakimaliza kucheka na wasome mpaka mwisho, maana doa hilo dogo limekwisha kula mshahara wa mwenzetu mmoja, na likiachwa litakula na wako.

Habari yenyewe ni hii. Katika jumba moja la afisi hapa Nairobi (jina lake nalificha makusudi, kwa kuwa shida hii si ya jumba moja) sakafu ya mapokezi ilitandikwa marumaru nyeupe iliyokuja kwa meli. Siku ya kufunguliwa iling'aa hata mtu akaona haya kuikanyaga. Miezi mitatu haikwisha. Mbele ya meza ya wageni pakatokea maduara ya kahawa. Chini ya mtungi wa maua pakawa na rangi ya kutu. Na hapa na pale palikuwa na alama zisizo na rangi yo yote, zimefifia tu, kama kioo kilichopumuliwa. Meneja akaita kampuni ya usafi. Kampuni ya usafi ikamwita nyapara. Nyapara akamwita mama mmoja mwenye miaka mingi katika kazi hiyo. Hakuulizwa neno. Mwisho wa mwezi robo ya mshahara wake haikuwamo. Mwezi wa pili vile vile. Akaambiwa kwamba hiyo ni gharama ya kuharibu sakafu.

Mama huyo alinijia kwa sababu mimi ni mjumbe wa chama, na pia kwa sababu nilikuwa fundi wa kutandika mawe miaka ishirini kabla magoti hayajanikataa. Nilimwuliza swali moja tu: "Mama, sakafu ile ilitiwa dawa ya kuziba kabla ya kufunguliwa?" Akajibu, "Mzee, mimi niliikuta imekwisha tandikwa. Dawa gani?"

Hilo "dawa gani?" ndilo neno langu la leo.

JIWE HUNYWA

Matajiri wengi hudhani jiwe ni kitu kigumu, basi haliingii kitu. Fundi ajua sivyo. Jiwe lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo huvuta maji na mafuta kama utambi wa taa uvutavyo mafuta. Mawe ya Mazeras na ya Galana, ambayo watu hupenda kuyatandika barazani na kando ya mabwawa ya kuogelea, hunywa sana. Marumaru hunywa kidogo kidogo. Graniti ya meza za jikoni hunywa kidogo zaidi, lakini iko ya rangi nyepesi ambayo ukiiachia mafuta ya kupikia usiku kucha, asubuhi utakuta doa jeusi lisilotoka kwa sabuni. Jiwe la Kisii, lile la Tabaka, ni laini hata kisu chaweza kulichonga, lakini halinywi karibu kitu. Basi ugumu na unywaji ni mambo mawili mbali mbali.

Kulijaribu jiwe hakutaki shule kubwa. Mwaga matone machache ya maji juu yake, ungoje dakika 10 au 15. Maji yakikaa juu kama umande juu ya jani la nduma, jiwe hilo lina kinga. Pakigeuka peusi chini ya maji, jiwe limekunywa. Na linalokunywa maji leo litakunywa kahawa kesho.

Dawa ya kuziba, ile ambayo mafundi huiita sila, ni ya namna mbili. Iko dawa ya juu, ambayo hufanya ngozi juu ya jiwe kama nta au vanishi. Hung'aa, lakini hukwaruzwa na viatu, na mahali pa jua na mvua hubanduka. Na iko dawa ya ndani, ambayo huzama katika vitundu, ikashika kuta zake, ili maji na mafuta yasivutwe tena. Wala haibadilishi sura ya jiwe, na mvuke waweza kupita. Hiyo ya ndani ndiyo hufaa sakafu nyingi na meza za jikoni. Wala haidumu milele. Penye miguu mingi yataka kujaribiwa tena kwa matone ya maji kila mwaka, na kurudiwa ikionekana imechoka.

Wala si kila jiwe lataka dawa. Watu wa pwani watanielewa. Kuta za Mji wa Kale wa Lamu, ambao uliandikwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo huvuta maji ya ardhini na chumvi ya bahari, kisha huyatoa tena kwa hewa. Ukizipaka dawa ya juu kama ngozi ya nailoni, maji hufungwa ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya ngozi ile na kuusukuma ukuta mpaka ukamenyuka. Wazee waliojenga hawakuwa wajinga. Waliuacha ukuta uvute pumzi. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba mimi ni mchuuzi wa madawa. Nasema kazi hii yataka mtu anayejua, na anayejua yapasa alipwe.

DOA SI JERAHA

Hapa ndipo wenzetu wa usafi huonewa zaidi, basi tusikilizane vizuri.

Doa ni kitu kilichoingia ndani ya jiwe: kahawa, mafuta, kutu, wino. Dawa ya kuziba huzuia doa, au hukupa nafasi ya kupangusa kabla halijaingia. Lakini iko alama nyingine ambayo si doa, ni jeraha. Marumaru ni jamaa wa chokaa. Ndimu, siki, soda za chupa, na zaidi ya hizo ile dawa kali ya kuoshea vyoo, zote zina asidi. Asidi ikigusa marumaru huila. Ukitazama vizuri utaona povu dogo. Hapo jiwe lenyewe linayeyuka. Baadaye pabaki alama iliyofifia, isiyo na rangi. Hapo hakuna kilichoingia, kuna kilichotoka.

Na dawa ya kuziba, hata iwe ya bei gani, haizuii jambo hilo. Mchuuzi akikwambia inazuia, amekudanganya. Jeraha la asidi haliondoki kwa sabuni wala kwa kusuguliwa. Lataka fundi wa kusaga na kung'arisha jiwe upya.

Sasa mtazameni mama yetu. Alisimamishwa mbele ya alama za namna mbili. Za kwanza, maduara ya kahawa, ziliingia kwa sababu jiwe halikuzibwa. Za pili, zile zilizofifia, zilitoka kwa vinywaji vya wageni na kwa dawa ya choo ambayo kampuni yenyewe iliinunua kwa sababu ni rahisi, ikamkabidhi, ikamwambia, "Osha." Hakuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo hula marumaru. Chupa ya sabuni isiyo na asidi haikuwapo stoo. Basi katika madoa yale lake ni lipi? Mimi silioni.

NANI ALIYEIFICHA DAWA?

Nilikwenda kuuliza. Sikuuliza wakubwa, niliuliza vibarua waliotandika sakafu ile. Wakasema dawa ilikuwamo katika karatasi ya hesabu. Mwenye jumba aliilipa. Lakini siku za mwisho kontrakta alikuwa amechelewa, naye aliogopa kutozwa faini kwa kuchelewa. Sakafu ilimalizika kutandikwa siku ya Jumatano, na sherehe ilikuwa Jumamosi. Fundi mmoja alisema, "Bwana, saruji bado ina maji. Tungoje ikauke ndipo tuzibe." Akajibiwa, "Piga polishi, ing'ae, twende."

Ndugu zangu, mnaona jinsi mambo yalivyokwenda? Mwenye jumba alilipa dawa, hakupata dawa. Kontrakta alipokea fedha za dawa, hakununua dawa. Fundi aliyesema kweli aliambiwa anyamaze. Na mama ambaye siku ile hata hajaajiriwa katika jumba lile, ndiye aliyeletewa hesabu! Maji hufuata mteremko, na lawama nayo hufuata mteremko: huanza juu kwa wakubwa, hushuka ngazi kwa ngazi, haisimami mpaka imfikie yule ambaye chini yake hakuna mtu mwingine.

Watatujibu kwamba dawa ni ghali. Twawauliza: ghali kuliko nini? Kuliko kung'oa marumaru iliyoharibika? Kuliko kukodi mashini ya kuisaga upya? Dawa ni ghali kwa yule tu anayejua kwamba gharama ya kutoitia italipwa na mtu mwingine. Siku atakapojua kwamba atailipa yeye, ataiona rahisi siku hiyo hiyo.

KAZI HII NI KAZI

Neno jingine la matajiri ni kwamba kutia dawa ni kupangusa tu, basi kibarua ye yote aweza kuifanya jioni baada ya kazi yake, bila nyongeza. Acha niwaeleze kazi yenyewe.

Kwanza jiwe lazima liwe safi kabisa, kwa maana ukiziba juu ya uchafu umeufungia ndani. Pili lazima liwe kavu. Sakafu mpya huwa na maji ya saruji chini yake, na yahitaji siku nyingi, pengine majuma, kukauka. Ukiziba mapema, maji hutafuta njia ya kutokea, na jiwe hufanya ukungu mweupe na chumvi. Tatu, fundi hujaribu dawa pembeni, mahali pasipoonekana, kwa sababu kuna mawe ambayo dawa huyageuza rangi. Nne, hupaka kwa kiasi, akaiacha inywewe kwa dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya 5 na 20. Tano, na hapa ndipo wasiojua huharibu, lazima apanguse yote iliyobaki juu kabla haijakauka. Akichelewa, sakafu hunata na kufanya mabaka ambayo ni taabu kuyatoa kuliko doa lenyewe. Kisha mara nyingi hurudia mara ya pili, na watu huzuiwa kupita mpaka dawa ishike, kwa kawaida siku nzima.

Hata doa lililokwisha ingia lina fundi wake. Doa la mafuta hutolewa kwa dongo jeupe lililosagwa, likachanganywa na dawa ya kuyeyusha mafuta mpaka likawa kama ugali laini, likapakwa juu ya doa, likafunikwa kwa nailoni usiku kucha au zaidi. Dongo linapokauka huvuta mafuta nje. Pengine yataka kurudiwa mara mbili au tatu. Mtu anayejua hayo yote mwamwita "kibarua wa kupangusa"? Huyo ni fundi, na alipwe kwa kiwango cha fundi.

MAPAFU HAYANA DUKA

Dawa nyingine huchanganywa na maji, lakini nyingine huchanganywa na vimiminiko vikali kama petroli. Mvuke wake huumiza kichwa, hulevya, na hushika moto. Nimeona vijana wamefungiwa katika vyoo visivyo na dirisha wakitia dawa hiyo, na kitu walichopewa ni kitambaa cha kufunga puani. Kitambaa hakizuii mvuke. Hata ile barakoa ya vumbi haiuzuii. Inatakiwa barakoa yenye kichujio cha mvuke, na dirisha wazi, na glavu.

Kupuliza ndiko kubaya zaidi, maana dawa inayozuia maji katika jiwe, ikiingia kwa matone madogo sana katika pafu, hulivuruga pafu. Huko Marekani mwaka 2005 dawa moja ya kupuliza, ya kuzibia viungo vya vigae, iliondolewa madukani baada ya watu kushindwa kupumua na wengine kulazwa hospitali. Wengi wa watu hao walikuwa wakiitia nyumbani mwao tu. Je, kijana anayepuliza toka asubuhi hadi jioni? Tumieni brashi na tambara. Msipulize ndani ya nyumba.

Na tusisahau vumbi la kukata mawe. Graniti na jiwe la mchanga lina silika, na vumbi lake hukaa pafuni lisitoke, likaleta ugonjwa wa silikosisi usio na dawa. Hilo nitaliandikia siku yake. Leo nasema tu: kateni kwa maji, msikate kavu.

SISI NASI TUJITAZAME

Chama hakijengwi kwa kujisifu. Wako kati yetu mafundi wanaotia maji katika dawa ili ienee, kisha wakauza nusu ya debe. Wako wanaopaka na kwenda kunywa chai, dawa ikakauka juu. Wako wanaojua kwamba sakafu haijazibwa, wakanyamaza kwa kuwa wamekwisha pata chao. Ndugu, kila mara ufanyapo hivyo umempa tajiri fimbo ya kumpigia mwenzako wa usafi. Fundi na mwenye ufagio si watu wawili mbali mbali. Kazi ya mmoja inapoanza ndipo ya mwingine ilipokwisha, na uwongo wa wa kwanza hulipwa na wa pili.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, humruhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale tu ambapo mfanya kazi amekosa kwa makusudi, na kwa kiasi cha haki. Someni tena neno hilo: makusudi. Mtu aliyepewa dawa mbaya na tajiri mwenyewe, akaosha sakafu isiyozibwa, amekosa makusudi gani? Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa au kwa kazi mbaya, lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu, na ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mjumbe wa chama mbele yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka tajiri atoe mavazi ya kinga kwa watu wanaoshika vitu vya hatari. Sheria tunazo. Tunachokosa ni watu wa kuzitaja kwa sauti.

TUNATAKA

1. Kila kandarasi ya kutandika mawe itaje dawa ya kuziba, siku za kungoja kukauka, na ujira wa kuitia, kila kitu mbali mbali.

2. Kabla sakafu haijakabidhiwa kwa watu wa usafi, ijaribiwe kwa matone ya maji mbele ya fundi, mwenye jumba, na mjumbe wa wafanya kazi, na majibu yaandikwe na kutiwa sahihi.

3. Watu wa usafi wapewe sabuni isiyo na asidi kwa mawe, na wafundishwe kwa saa za kazi zenye malipo.

4. Anayetia dawa apewe glavu, barakoa ya mvuke, hewa, na mshahara wa fundi.

5. Hakuna senti itakayokatwa kwa doa kabla sababu ya doa haijajulikana.

MWISHO WA HABARI YA MAMA

Nilikwenda na mama yule mpaka afisi ya meneja. Nyapara alikuwapo. Sikugomba. Niliomba gilasi ya maji tu. Nikawapeleka nyuma ya meza ya mapokezi, pembeni kabisa, mahali ambapo hapana mgeni apitaye wala kahawa inywewayo. Marumaru pale ilikuwa nyeupe kama siku ya kwanza. Nikamwaga matone matatu, nikawaomba tungoje. Tulisimama kimya, meneja akitazama saa yake. Tulipopangusa maji, chini yake palikuwa peusi mahali patatu.

Nikasema, "Bwana, hapa nako mama amefanya uzembe?"

Hakujibu. Mwisho wa mwezi ule fedha za mama zilirudi zote, za miezi miwili. Neno la kuomba msamaha halikurudi pamoja nazo, na yule kontrakta, nasikia, anajenga jumba jingine upande wa pili wa mji. Ndiyo maana naandika. Mama mmoja amepata haki yake kwa gilasi ya maji. Wengine wangapi wanakatwa mwezi huu kwa sababu hawana mjumbe wa kubeba gilasi?

Basi ukiletewa karatasi ya kukatwa mshahara kwa doa, usitie sahihi. Mwite mjumbe wako. Na wewe mjumbe, nenda na maji.

UMOJA NI NGUVU.

Ni mimi mwenzenu, fundi wa mawe wa zamani.